Misiba ya Mama Apolinaria

Mama mkwe wangu, Apolinaria, aliua watu wanne kabla hajakamatwa, na kila mmoja alimlilia vizuri. Sisemi hivi kumsengenya. Nimeolewa na mwanawe Raymundi, nimekaa naye ua mmoja hapa Itetemia, nje ya mji wa Tabora, tangu siku niliyoletwa, na kama kumsengenya ninayo mengi, lakini katika jambo hili namtetea. Aliua kwa ulimi tu, tena wengi wao hawakuwahi hata kuzaliwa. Shida yake ilikuwa moja: alitaka kupanda gari moshi peke yake, kwenda mahali asipopajua, na watu wa kwetu hawakuielewa shida hiyo.

Ilianza kwa msiba wa kweli. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile kila mtu akizungumzia mashamba ya karanga ya Urambo. Binamu yake alifariki Kigwa. Mama alikuwa mjane tayari, na maisha yake yote hajapanda gari moshi. Tukampandisha daraja la tatu na kapu lake la michembe, viazi vikavu vya kula njiani, tukamwambia Kigwa si mbali, asilale. Hakulala. Ila gari lilipofika Kigwa, bibi mmoja alikuwa amejilaza mlangoni juu ya magunia yake, na Mama kwa adabu zake akaanza kumwamkia kwanza. Mpaka wamemaliza kuulizana habari za watoto na za shamba, Kigwa ilikuwa imebaki nyuma.

Akashukia Goweko. Gari la kurudi lilikuwa kesho yake. Mke wa kibarua mmoja wa reli akamwona amesimama na kapu, akamchukua kwake. Basi, ni hayo tu yaliyotokea. Lakini aliporudi nyumbani aling'aa mpaka majirani wakashangaa, maana mtu harudi msibani amenawiri vile.

"Flavia," akaniambia tukipukuchua mahindi, "kule hapakuwa na mtu anayejua kwamba mimi ni mama Alois, au mjane wa Kasimiri, au yule ambaye mbuzi wake alikula maharage ya katekista. Nilikuwa mgeni tu. Hata kwenda kisimani niliuliza njia, na kila niliyemwuliza alinionyesha njia yake. Nilichelewa kurudi na maji, wala hakuna aliyenigombeza."

Baada ya wiki chache akamwambia mwanawe mkubwa, Alois, kwamba anataka kwenda Usoke. Alois alikuwa fundi mwashi wa misheni, amejenga nyumba yake Isevya, na tangu baba yao afariki yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Ni mtu mwema, ila hunyoosha watu kwa kamba kama anavyonyoosha matofali.

"Usoke kwa nani?" akauliza.

"Si kwa mtu."

"Kuna nini Usoke?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kwenda."

Alois akanitazama mimi, kana kwamba nimemlisha mama yake kitu. "Mama, mtembezi hula miguu yake. Watu wakikuona unazurura stesheni watasema wanao tumekunyima chakula."

"Mwenda bure si mkaa bure. Babu yako mbona alifika Bagamoyo, na mpaka leo mnajisifia?"

"Babu alikwenda na msafara! Alibeba pembe! Alikuwa mwanamume na wenzake mia."

"Ndiyo maana hakuona kitu," Mama akasema. "Kutoka hapa hadi pwani aliona kisogo cha aliyekuwa mbele yake. Aliniambia mwenyewe."

Hakuruhusiwa. Akanyamaza, na mimi nilipomwona amenyamaza nikajua kuna jambo linapikwa. Kwetu mtu akikuaga anakwenda kutembea, utamwuliza maswali hata gari limwache. Lakini akikuaga anakwenda msibani, unampisha, unamtafutia na unga wa kubeba. Msiba haukatazwi. Wiki iliyofuata shangazi yake Josepha akafariki huko Usoke.

Huyo Josepha hakuwahi kuwako duniani, lakini Mama alimpa mguu mmoja mfupi, sauti nzuri ya kuimba na mume mlevi, na wanawake wa Itetemia wakampenda papo hapo. Wakaja na unga na kuni, wakakaa chini, wakalia. Kuna mama mmoja ambaye hadi leo humtaja Josepha kwenye rozari yake, na mimi sina moyo wa kumwambia.

Usoke nako mambo hayakuwa mepesi. Akachagua nyumba moja kwa sababu mlango wake ulipakwa udongo mwekundu ukampendeza, akabisha hodi. Mwenye nyumba alipoona mwanamke mzee, mgeni, peke yake, hana habari zilizomtangulia, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Majirani wakajaa. Mwanamke wa namna ile huleta habari moja tu.

"Mayu, mama yangu, sijaleta msiba," Mama akasema.

"Basi umeleta nini?"

"Sijaleta kitu."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Hapo ndipo walipoogopa kweli. Lakini mgeni ni mgeni: hahojiwi kabla hajala. Wakampikia ugali na mlenda, wakamtazama anavyokula, na alipomaliza akawasifia mlenda wao kwa maneno mazuri hivi kwamba wakaona mchawi hawezi kuwa na hamu ya kula kiasi kile. Alikaa kwao siku mbili, akajifunza kusuka ukili wa namna yao, akaondoka kwa machozi ya pande zote. Mama anasema raha ya safari ipo hapo hasa, kati ya hodi na swali la kwanza, wakati wenyeji hawajui wewe ni nani na wewe mwenyewe hujaamua.

Nikamwuliza kwa nini asinichukue na mimi siku moja. Akanihurumia. "Mwanangu, wakienda wawili wanakwenda na Itetemia yao. Mtakaa mnazungumza habari za hapa, nitaona nini?"

Baada ya Josepha akafa binamu wa Kaliua. Akafuata mkwe wa binamu, wa Uvinza, ambaye Mama alimwua kwa sababu alisikia huko chumvi huchemshwa kutoka kwenye maji ya ardhini na akashindwa kulala akiifikiria. Alirudi na kifurushi cha majani chenye chumvi ndani, akasema aligawiwa kwenye mazishi. Tukaipikia, tukamwombea marehemu.

Lakini alikuwa Mkristo, na dhambi ilimkaa shingoni. Akaenda kuungama. Hii aliniambia mwenyewe, mimi sikutega sikio.

"Padri, nimeua."

Kiti cha upande wa pili kikalia kwe!

"Umeua nani, mama?"

"Shangazi yangu Josepha, na binamu, na mkwe wa binamu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kwenda kuona chumvi inavyochemshwa."

Anasema pazia la Padri lilitikisika muda mrefu. Mwishowe akampa malipizi ya kuwaombea marehemu wa kweli wa kila kituo anachoshukia. Siri ya kitubio ni siri, kwa hiyo Padri hakusema neno kwa mtu. Ila tangu siku hiyo, katekista akisoma majina ya marehemu akafika kwenye ukoo wetu, Padri alishikwa na kikohozi.

Aliyeshtuka alikuwa Alois. "Mama," akasema, "ukoo wako unakwisha kama sabuni, na mimi katika hao wote sijamjua hata mmoja. Akifa mwingine, nitakwenda na wewe. Mimi ndiye mkubwa, haifai mazishi yote tuwakilishwe na mwanamke mmoja. Na tukirudi huko utahamia kwangu Isevya. Chumba kipo, mlango wake unatazama jiko la mke wangu. Utatulia."

Mama alikijua chumba kile. Hakina dirisha la upande wa reli. Mke wa Alois ni mwanamke mzuri ambaye hukuuliza unakwenda wapi hata ukisimama kujinyoosha.

"Nikiingia mle, Flavia, nitatoka nimebebwa," akaniambia, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Na Itigi sijaiona."

Alikuwa amebakiwa na safari moja, na ilihitaji marehemu ambaye Alois anamjua, ila aliye mbali, tena afe wiki ambayo Alois hawezi kuondoka. Wiki ilipatikana: kuta za shule mpya ya misheni zilitakiwa zikamilike kabla ya sikukuu, na Alois alilala na kuamka juu ya ngazi. Marehemu naye akapatikana. Alikuwa Paskazia, dada wa marehemu baba mkwe, aliyeolewa na mfanyakazi wa reli akahamia Saranda, kule Ugogo, Alois akiwa mtoto. Hakuwahi kurudi. Alikuwa wa mwisho kabisa katika ukoo, kwa umbali.

Mama akaenda mwenyewe kwenye ujenzi akampasha habari mwanawe. Alois akaweka mwiko chini, akakaa juu ya matofali, akalia mbele ya vibarua wake. Shangazi Paskazia ndiye aliyembeba mgongoni miaka ya njaa. Mama aliniambia hapo nusura aseme kweli. Alifungua mdomo, akakumbuka chumba cha Isevya, akaufunga. Sikumpenda sana siku hiyo, wala yeye hakujipenda.

Alois hakuweza kuacha kuta. Akamkatia Mama tikiti ya Saranda kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia matanga tutakaa huku huku Itetemia. Gari likaondoka, Mama amekaa dirishani na kapu lake, uso wa msiba, na kidole kimoja kikipigapiga ukingo wa dirisha. Kile kidole nilikijua. Akashukia Itigi, kabla ya Saranda.

Tukakaa matanga. Mimi niliyejua yote nilipika uji na kuinamisha kichwa. Siku ya tatu mchana akaingia uani mwanamke mmoja mnene, amejifunga kaniki mpya, na mfuko begani. Kwetu mtu akikuta watu wamekaa chini haulizi. Hulia kwanza, ataelezwa baadaye. Lakini huyu alilia kupita kiasi. Alijitupa chini, akapiga ardhi kwa viganja, akasema, "Ulimi wangu! Ulimi wangu!" mpaka waliokuwa wamechoka kulia wakaanza upya kwa aibu. Tukadhani ni mtu wa karibu sana na marehemu, na kweli alikuwa karibu kuliko wote.

Nikampelekea uji. Akanishika mkono. "Mwanangu, aliteseka?"

"Hatujui, mama, alifia mbali. Kule Saranda."

Kilio kikakatika. "Nani alifia Saranda?"

"Shangazi yetu, Paskazia."

"Siyo Apolinaria?"

"Mama Apolinaria amekwenda kuzika."

Akanitazama, akatazama watu, akashusha pumzi ndefu sana. Kisha akapokea uji, akanywa wote, akaomba mwingine. Alipomaliza akamgeukia mwanamke aliyekuwa karibu naye. "Huyo Paskazia, mlimjua?"

"Hatukumjua, lakini wanasema alikuwa mpole, hana maneno mengi."

"Hapo mmedanganywa," mgeni akasema.

Wakati huo Alois akaingia, vumbi la chokaa kichwani. Yule mwanamke akamtazama toka juu hadi chini. "Alois, kisigino kilipona? Jembe langu ulilolikanyaga lilibaki na mpini uliopinda."

Aliyelijua jembe lile ni mtu mmoja tu, na Alois akalitaja jina lake: Paskazia. Uani hapakubaki mtu. Katekista alipita juu ya wigo, na mama mmoja alikimbia na chungu cha uji mpaka njia ya mjini, hakikumwagika. Alois hakukimbia, na mwenyewe anasema ni ushujaa, lakini mimi niliona alivyoikumbatia nguzo ya baraza. Nikalazimika kueleza kwamba shangazi si mzimu, na kueleza hilo kukanilazimisha kueleza mengine. Nilipomaliza, uso wa Alois ulikuwa umekauka kuliko chokaa. Shangazi Paskazia alikuwa amejifunika kaniki usoni na mabega yakimtikisika; nikadhani analia tena.

Kesho yake Mama akarudi. Alois alitukalisha wote, shangazi akiwa amefichwa chumbani, akatukataza kupumua. Mama akaanza kulia toka njiani, kwa sauti aliyoipima vizuri. Nikakohoa. Alois akanikata jicho.

"Pole na safari, Mama. Tueleze mazishi."

Basi akaeleza. Akatupa jeneza la mbao za mninga, akatupa mvua ndogo iliyonyesha kaburini, akatupa Wagogo watani wetu waliorukia kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe kuku. Ilikuwa nzuri. Raymundi wangu, aliyejua ni uongo, alifuta machozi.

"Na maneno yake ya mwisho?" Alois akauliza.

"Alisema, 'Mwambieni Alois asimfungie mama yake ndani.'"

Mlango wa chumbani ukafunguka. "Sikusema hivyo," akasema shangazi Paskazia, "ila si maneno mabaya."

Sijapata kuona mtu akikaa chini polepole vile. Mama hakukimbia, hakubisha. Alimtazama wifi yake, akasema, "Umenenepa," kisha akaficha uso.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Alois alizungumza vizuri na kwa uchungu: amelizwa mbele ya vibarua, kijiji kimelizwa, Kanisa limelizwa, Mama ahamie Isevya leo, na asikanyage stesheni tena. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama alipoulizwa ana la kusema, alisema moja tu, huku machozi ya kweli yakimtoka: "Nilikwenda kuangalia. Sikuiba kitu cha mtu. Nilikwenda kuangalia tu."

Nilitaka kusema neno, lakini mkwe hana neno kwenye kikao cha namna hiyo. Aliyelipata ni shangazi Paskazia. "Aliyeuawa ni nani?" akauliza. Wakasema ni yeye. "Basi na hukumu ni yangu. Kumfungia ndani ndugu yenu, alale, ale, apikiwe, hiyo ni adhabu? Hiyo ni zawadi! Mimi nataka ateseke. Kila mwaka, mavuno yakiisha, atapanda gari aje Saranda kuniomba radhi. Aje peke yake. Asisindikizwe na mtoto wala mjukuu. Aibu yake aibebe mwenyewe, mpaka siku nitakayokufa kweli."

Alois akalainika ghafla. "Peke yake, shangazi? Njia yote ile? Mwanamke mzima namna hii?"

"Peke yake. Wewe hukulilia matofalini?"

"Nililia."

"Basi usimhurumie."

Wazee wakaona hukumu ni kali lakini ni ya haki, na mmoja akakumbuka kwamba hata zamani ilikuwa hivyo, jambo ambalo si kweli. Mama alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Nilikaa karibu yake, nikaona kidole kinapigapiga goti.

Siku ya pili tukampeleka shangazi stesheni, Mama na mimi, mimi nikibeba mfuko. Gari lilikuwa tayari linapakia. Mama akamshika wifi yake mikono miwili.

"Wifi, nitakuja kukuomba radhi kwa moyo wote. Mavuno yakiisha tu, nitakuja."

"Usije," shangazi akasema. "Shukia popote upendapo. Wakiniuliza nitasema ulifika."

Mimi nikatazama behewa, nikaona si la Dodoma. "Shangazi, gari hili haliendi Saranda. Hili linakwenda Kigoma."

"Najua. Nimesikia kuna ziwa ambalo ng'ambo yake ni nchi nyingine. Nilishuka Tabora kungoja gari tu, nikasema nimsalimie wifi yangu, nikakuta watu wamekaa chini uani kwake."

"Na nyumbani Saranda umewaaga vipi?" Mama akauliza.

"Nimewaambia nakwenda msibani."

"Msiba wa nani?"

Shangazi Paskazia akapanda ngazi ya behewa, akageuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana haya. "Wako," akasema. "Ulikuwa mbali kuliko wote. Ndiyo maana nililia vile juzi, wifi. Nilidhani nimekuua kweli."

Gari likapiga honi. Mama akawa anatembea kando ya behewa, ameshika dirisha, anacheka huku machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

"Nilikufa na nini?" akapaza sauti.

"Kichomi!" wifi yake akajibu, amechomoza kichwa. "Lakini hukuteseka!"